Pua ya Mumina

Mwaka wa 1979, wiki ambayo mvua ilimwagika Isiolo yote kwa pamoja, Mumina Hirbo aliugua homa na mafua kwa siku tisa. Siku ya kumi aliamka mzima, akaswali, akaweka jikoni chungu cha buna kama kila asubuhi. Punje za kahawa zilipopasuka ndani ya samli, aliinama ili mvuke umpige usoni. Mvuke ulimpiga, lakini ulikuwa joto tupu. Aliinama tena. Kando yake mumewe, Wario, alikuwa akisoma dua amefumba macho, uso umemlegea kwa raha. Mumina alimtazama kama mtu anayeona wenzake wakicheka mzaha ambao yeye hakuusikia.

Alidhani ni mabaki ya mafua. Mwezi ulipokwisha bila nafuu, alienda zahanati. Akamulikwa tochi puani, akaambiwa hakuna kidonda, akarudi na vidonge.

Mumina alikuwa muuza maziwa, na kwa miaka kumi na sita pua yake ndiyo iliyomlisha. Alfajiri wanawake wa Chechelesi na wa maboma ya mbali walimletea maziwa, naye alinusa kila chombo kabla ya kumimina ndani ya mtungi wake mkubwa. Maziwa yaliyokaribia kuharibika aliyajua saa nzima kabla hayajaonyesha dalili. Wenye hoteli za chai walinunua kwake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Aliendelea kuinamia vyombo, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kukubali.

Nyumbani chakula kilikuwa na chumvi na joto, basi. Alikula kidogo, akakonda. Mwanawe Ado alikuwa amepata mtoto wa kwanza, msichana, na Mumina alizoea kumshika mjukuu huyo na kuweka pua shingoni mwake. Sasa alipofanya hivyo ilikuwa kama kunusa kitambaa kilichofuliwa. Akaanza kumrudisha mtoto kwa mamake mapema, kisha akaacha kumwomba. Mkaza mwana alidhani amemkosea jambo. Wario aliuliza mara mbili kama kuna tatizo, akajibiwa hapana.

Asubuhi moja Wako, mwenye hoteli karibu na kituo cha malori, alifika sokoni amebeba sufuria.

"Mama Ado, angalia. Chai yote imekatika. Watu ya lori wamekataa kunywa."

Wanawake waligeuka. Mumina aliitazama sufuria, madonge meupe yanaelea juu ya chai. Wanne walikuwa wamemletea maziwa siku hiyo, na hakujua ni ya nani. Macho yake yalimwangukia mmoja wao, Umulkheir, aliyeolewa Chechelesi miezi miwili tu iliyopita na hakuwa na ndugu sokoni.

"Ni ya huyu," alisema. "Nilisikia harufu kidogo asubuhi, nikamhurumia."

"Mama, nilifukiza chombo mimi mwenyewe," Umulkheir alisema. "Nilitumia ejersa."

"Basi hujui kufukiza."

Kwa mwanamke wa pale, neno hilo ni zito. Kufukiza chombo kwa moshi wa mti mzuri kama ejersa, ili maziwa yasiharibike upesi, ni kitu msichana hufundishwa na mamake, na kuambiwa hujui ni kutukaniwa mama mbele ya watu. Umulkheir alichukua chombo chake akaondoka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyenunua maziwa yake, na mama mkwe wake akampa mtu mwingine kazi ya kukamua.

Wiki tatu baadaye Nakuam, Mturkana aliyeuza makaa na tumbaku kando ya Mumina, alikuja na kikombe chake kuchukua maziwa ya chai. Alifungua kifuniko cha mtungi, akarudi nyuma.

"Mama Ado, husikii hii? Inanuka kama ngozi imelowa."

"Maziwa ni ya leo."

"Si maziwa. Ni mtungi." Nakuam alipitisha kidole chini ya ukingo, kikatoka na utando wa kijivu. "Kwani pua yako imeenda wapi?"

Alisema kwa utani. Mumina alifuta mikono kwenye shuka.

"Imeenda na ile homa," alisema.

Hakuwahi kulitamka. Alipolitamka alielewa pia lile lingine: alikuwa akifukiza mtungi wake bila kujua kama moshi umeingia au la, na chai ya Wako iliharibiwa na chombo chake mwenyewe.

Hakwenda kwa Umulkheir siku hiyo. Siku nne alijiambia kwamba watu wameshasahau. Siku ya tano alisimama sokoni, Wako akiwepo, akasema yote, ya pua na ya mtungi. Wengine walicheka kwa mshangao. Jioni alipeleka majani ya chai na sukari nyumbani kwa Umulkheir, akamkuta anasugua vyombo kwa mchanga.

"Nimesema mbele ya watu," Mumina alisema. "Kosa ilikuwa yangu."

"Nimesikia."

"Nisamehe. Rudi uniletee maziwa."

Umulkheir aliendelea kusugua. "Nimekusamehe, Mama. Maziwa nitapeleka kwa mtu mwingine."

Mumina alikunywa maji aliyopewa, akaaga.

Tangu hapo Nakuam ndiye aliyenusa vyombo kila alfajiri. Karibu nusu ya wateja walirudi. Nyumbani Mumina alimweleza mkaza mwana, ambaye alilia kidogo kisha akamwekea mtoto mapajani.

Mwaka uliofuata harufu zilianza kurudi, bila mpango. Mafuta ya taa yalitangulia, yakafuatwa na sabuni. Kahawa ilirudi ikinuka mpira ulioungua, na kwa miezi mingi Wario alikaanga buna peke yake, yeye akikaa nje. Umulkheir wakati huo alikuwa na meza yake upande wa pili wa soko. Wakikutana walisalimiana salaam aleikum vizuri, wakaulizana habari za nyumbani, kila mmoja akaenda kwenye mtungi wake.