Chakula cha Kapia

...na huyu naye kaja na sahani, ugali wa bukari na samaki mkavu juu yake, eti anamwonea mbwa huruma, mbwa, Tshibola aliwaza huku kamba ya mbwa wake Kapia ikimkata kiganja, watu wamelala wiki ngapi kwenye saruji ya stesheni hii ya Kolwezi wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, ambako yeye hakuzaliwa wala hajapakanyaga, na Mama Mbuyu, jirani wa ukuta mmoja, hakuwaletea hata maji, leo kasikia mbwa hapandi treni ndipo miguu imepata nguvu, "Mama Tshibola, unipe ye, nitamuchunga muzuri," unipe, unipe, kila mtu hapa anataka kupewa, nyumba wamepewa, kazi ya mume wake Badibanga wamepewa, na siku vijana walipotupa vitanda nje wakiimba bilulu, bilulu, wadudu rudini kwenu, pazia la Mama Mbuyu lilitikisika, alikuwa nyuma yake, hakusema hata waacheni, mdomo uliokula sombe, kisamvu cha Tshibola, miaka yote ukafungwa kama wa maiti... Kapia alimwokota mwenyewe kando ya shimo la mgodi wa Mashamba, mbavu nje, sikio limeliwa na inzi, akamwosha, akampa jina la moto kwa wekundu wake, na sasa ampe nani, ampe pazia?

"Imbwa inakataa, mama," Mama Mbuyu akasema, tonge mkononi, na Kapia kaketi, mate yanadondoka, hagusi, anamtazama Tshibola, hawezi kugusa, wezi wa mtaani walikuwa wanaua mbwa kwa nyama ya sumu kabla ya kuruka ukuta, ndiyo maana alimfundisha asile mkononi mwa mtu mpaka aambiwe *dia*, kula, kwa Tshiluba, akajiona mjanja, na ujanja ule sasa utamuua Kapia kwa njaa, kwa sababu treni ikiondoka neno nalo limeondoka... basi aondoke nalo, Kapia afe, afadhali afe kuliko... hapana, Mungu wangu, asife, kosa lake nini yeye?

"Sema *dia*," Tshibola akamwambia. "Kwa nguvu. Kwa Tshiluba yetu."

Mama Mbuyu akageuka, vijana wenye fimbo, wenzao wa walioimba bilulu, walikuwa pale mlangoni mwa stesheni. "Bale banasikia, mama."

"Basikie."

Ndiyo, wasikie, useme mchana kweupe lugha tunayofukuziwa, uone utamu wake, ama urudi na bukari yako nyuma ya pazia, na hapo Tshibola alitamani Mama Mbuyu akimbie, alitamani kweli, ili yeye apate kumchukia mpaka Kasai bila doa... "*Dia*," Mama Mbuyu akanong'ona, Kapia hakusikia, kisha akavuta pumzi akalisema kwa sauti iliyofika mlangoni, kijana mmoja akageuza kichwa, lakini mkono wenye tonge haukurudi nyuma, ukabaki palepale, na Tshibola akakasirika upya, zaidi ya mwanzo, kumbe sauti alikuwa nayo, alikuwa nayo hata siku ile ya vitanda.

Treni haikuwa imefika. Kapia hakula, alikuwa bado anamtazama Tshibola, anangoja. Tshibola akageuza uso wake kwenye reli, ili mbwa asiwe na mwingine wa kumtazama ila Mama Mbuyu.