Waridi la Juu ya Paa

Haba na haba huozesha mzizi. Fundi wa mapambo aliijua kweli hii alipoolewa na kuhamia kwa mama mkwe wake na sanduku la nguo, cherehani, na waridi la jangwani alilorithi kwa marehemu mama yake: shina nene lililovimba, majani ya kuhesabika, mchanga mkavu.

Nyumba nzima ikalionea huruma. Mama mkwe akipita na birika, tone. Wifi akisuuza vikombe, tone. Mume naye, asije akaonekana hana roho, akalimiminia maji yaliyobaki kwenye glasi yake.

"Mama, hili ni la jangwani. Maji yataliua."

"Hata ngamia hunywa, mwanangu. Wewe una roho ngumu tu."

Shina likaanza kubonyea chini. Fundi akaona mama yake anamfia mara ya pili, safari hii kwa kuzamishwa. Hakubishana tena. Alikata palipooza, akaacha kidonda kikauke, akalipanda upya kwenye mchanga wenye kokoto na kulipeleka juu ya paa, jua linakochoma kama pasi.

Sebuleni akaweka pacha wake: shina la sponji lililopakwa saruji, majani ya kitambaa chenye nta, yaliyofungwa kwa uzi wa kijani. Maua ya bandia ndiyo kazi aliyowafanyia maharusi miaka yote, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuyanusa akashtuka.

Kumwagilia kukaendelea. Fundi akawa anamwaga maji ya kisahani cha chini, kimya kimya.

"Mnaona?" mama mkwe akatamba. "Tangu nilishike mimi, hata jani moja halijadondoka!"

Wifi akaapa limerefuka. Mume, mtu wa amani, akasema anaona chipukizi.

Kule juu waridi lilishinda na kiu, likanuna, likachanua.

Siku moja mama mkwe aliwaleta mashoga zake mbele ya chungu, birika mkononi. "Mkwe wangu angeshaliua. Ni mkono huu!" Akalishika jani alifute vumbi. Jani likabaki mkononi, limening'iniza uzi.

Shoga mmoja akasogea. "Haya makubwa! Lako linaota na uzi wake?"

Mwingine akacheka mpaka akakaa chini. Fundi akapanda ngazi, akarudi na chungu kilichofunikwa na maua mekundu, akakiweka mezani.

"Miezi yote hii umenifanya nimwagilie tambara!" mama mkwe akafoka. "Mbele ya watu! Niombe radhi, sasa hivi."

"Mwombe tu mama, yaishe," mume akanong'ona.

Fundi alikuwa akilitazama birika. Hasira au si hasira, lilikuwa limeshaanza kuinama kuelekea kwenye waridi la kweli. Akauziba mdomo wa birika kwa kiganja.

"Birika weka chini, mama. Radhi siombi."