Majina ya Jumatatu

"Kahongya?"

"Iko Oicha, kwa shangazi yake."

"Providence?"

"Présent, Madame."

"Timothée?"

Hakuna aliyejibu. Penseli iliweka nukta ndogo kando ya jina, sauti ikaendelea bila kupanda wala kushuka.

"Vagheni?"

Kimya tena. Nukta nyingine.

Hivyo ndivyo Jumatatu za mwaka ule zilivyoanza upande wa mchana, na mimi nilizisikia zote. Nilikuwa nafundisha kilasi ya ine asubuhi, hapa Butembo, na baada ya watoto wangu kutoka nilibaki kusahihisha madaftari katika chumba kidogo kinachopakana na darasa. Ukuta ulikuwa wa mbao. Hata ningetaka nisisikie, nisingeweza.

Aliyekuwa akisoma ni Madame Jokébed, mkuu wa shule moja ndogo ya Waprotestanti upande wa Mavivi. Mwezi wa sita shule yake ilikuwa na watoto mia moja kumi na wanane. Mwezi wa saba watu walikimbia vita asubuhi moja, kila mtu na njia yake, wengine bila viatu. Yeye alikimbia na daftari la majina ndani ya kikwembe alichobebea mtoto wa dada yake. Mwezi wa tisa, mvua zilipoanza, alitokea kwetu na watoto sitini na mmoja. Direkta wetu, Salomon, akampa vyumba vyetu kuanzia saa saba mchana, na madawati yetu, na chaki yetu. Watoto wa Mavivi walifagia kabla ya kusoma na wakafagia tena kabla ya kuondoka, ilhali wa kwetu hawakufagia hata mara moja.

Ila Jumatatu alisoma majina yote mia moja kumi na manane. Aliyejua mwenzake yuko wapi alijibu: Kasindi, Lubero, Kyondo. Asiyejulikana alipata nukta. Jioni aliandika habari mpya kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, na wazazi waliokimbia walikuja kuisoma wakiwa wamesimama kwenye matope, vidole vikishuka mstari kwa mstari.

Nilimwona mara chache sana ameketi. Alitembea kati ya madawati akifundisha, alitembea uani watoto wakicheza, na mvua ilipompata hakukimbilia kwenye baraza kama sisi. Aliwahi kuniambia kwamba akiketi, miguu inaanza kusikiliza. Sikumwelewa, nami sikumwuliza.

Halafu watoto wetu wakaanza kuchelewa kurudi nyumbani siku za Jumatatu. Walijipanga chini ya madirisha wakasikiliza, na kufikia mwezi wa kumi walikuwa wamekariri daftari zima. Wakaligeuza mchezo. Mmoja anaita, wengine wanajibu mahali walipo, na anayenyamaza amepotea. Anakwenda kusimama peke yake kwenye miti ya mikaratusi mpaka mchezo uishe. Nilimkuta binti yangu Solange amesimama kule, amefumba macho. Usiku huo mezani aliacha kijiko akaniuliza: ikiwa ni yeye, nani atajibu?

Wazazi walikuja kwa direkta. Si watu wabaya. Walisema wamepokea wageni kwa moyo, lakini watoto wao hawalali. Na hata upande wa Mavivi kulikuwa na aliyetaka majina yakome. Julie, mama wa Vagheni, alikuwa na mtoto mwingine pale, Providence wa kilasi ya pili. Kila siku alimleta mpaka mlangoni, isipokuwa Jumatatu. Jumatatu alisimama barabarani, mbali, ameegemeza kichwa kwenye ukingo wa daraja la mbao mpaka usomaji uishe. Siku moja alimfuata Madame Jokébed akamsihi amtoe Vagheni kwenye daftari. Alisema anaweza kulala siku sita za juma, ya saba inamwua.

Madame Jokébed hakulala siku mbili baada ya hapo. Alinisimulia mwenyewe, akizungukazunguka chumba changu kidogo kama mtu aliyepoteza ufunguo. Alisema alichukua kifutio, akakiweka juu ya jina, mkono ukakataa.

"Nikimutosha mu daftari," aliniambia, "ni mimi njo nitakuwa nimemupoteza."

Basi Salomon akanituma mimi. Alifikiri ni rahisi zaidi mwanamke kumwambia mwanamke. Mwisho wa mwezi wa kumi na moja shule ilikuwa na siku yake ya shukrani. Wazazi wenye mashamba Masereka huleta viazi na maharagi, watoto wanaimba, kila mmoja anapewa sahani. Ujumbe wangu ulikuwa huu: mwaka ule Madame Jokébed angesoma neno la aksanti kwa niaba ya watoto wake, na kuanzia siku ile majina ya Jumatatu yangekoma.

Nilimkuta uani akikunja mikeka kabla ya mvua. Nilisema yote kwa haraka, nikimtazama mikono badala ya uso. Aliendelea kukunja.

"Donc aksanti na kunyamaza vinakuya pamoja," alisema.

Halikuwa swali. Nilimsaidia kubeba mkeka mmoja, kana kwamba hilo lilikuwa jibu.

Siku ya shukrani ilikuwa Jumamosi yenye ukungu. Magunia ya viazi yalipangwa mbele ya ofisi, udongo wa Masereka bado mweusi juu yake. Waliokuja wa kwetu na wa Mavivi walikuwa wengi kuliko madawati. Madame Jokébed alisimama, akaketi, akasimama tena. Alikunja karatasi yake mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. Alipoitwa aliikunjua akasoma vizuri. Alishukuru kwa chaki. Alishukuru kwa dawati la mwisho la kilasi ya tatu, ambalo mguu wake ulitengenezwa bila yeye kuomba. Alimshukuru kwa jina mama aliyeleta uji siku ya mvua ya mawe. Watu walipiga makofi, na nilimwona Salomon akipumua.

Lakini hakuketi. Alisema watoto wake wako na habari pia, akafungua daftari.

Salomon alinitazama. Nilijua maana ya macho yale, nikainuka nusu. Kabla sijachukua hatua, Madame Jokébed alikuwa amekwisha kusoma jina la kwanza, na jibu lilitoka mahali ambapo hakuna mtu mzima aliyelitarajia. Watoto wetu walijibu. Mamia, kwa pamoja, kama wanavyojibu hesabu za kuzidisha: iko Kyondo, iko Kasindi, iko Oicha kwa shangazi yake. Sauti ya Solange ilikuwamo. Wazazi walewale waliolalamika walitazamana. Nikaketi.

"Timothée?"

Watoto wote wakanyamaza. Nukta ikawekwa. Ndipo mwanamke mmoja alipoinuka nyuma kabisa, Kavuo, mchuuzi wa samaki, ambaye mtoto wake alikuwa kilasini kwangu. Kila Alhamisi yeye huteremka Kyavinyonge, ziwani, kuchukua tilapia.

"Timothée wa nani?" aliuliza.

"Wa Muyisa, fundi wa mbao."

"Mwenye kovu ku kidevu?"

Madame Jokébed aliitikia kwa kichwa tu.

"Huyo iko Kyavinyonge, ku nyumba ya muvuvi mumoja. Anashonaka nyavu. Nilimuona juzi."

Muyisa, aliyekuwa amesimama karibu na magunia, alikaa chini kwenye matope na suruali yake ya ibada, akabaki pale akitazama viatu vya watu. Jumatatu iliyofuata alirudi na mwanawe kwenye pikipiki. Timothée alikaa dawati la mbele, akaitika mwenyewe.

Imepita miaka mitatu. Majina hayakukoma, Salomon hakuyataja tena, na wachuuzi wa samaki na madereva wa malori walianza kupita shuleni Jumatatu kuyasikiliza kabla ya safari. Ishirini na wawili walipatikana kwa njia hiyo. Vagheni hadi leo hajapatikana. Nayasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba kilichofuata siku ile kililetwa na habari njema, kwa maana hapakuwa na habari yoyote.

Baada ya jina la Timothée Madame Jokébed aligeuza ukurasa. Kisha nikamwona anatafuta kwa macho kati ya watu, na nikafuata macho yake mpaka kwa Julie. Alikuwa kwenye mstari wa viazi, beseni tupu kiunoni, Providence ameshika kikwembe chake. Hakuwa na barabara ya kukimbilia. Watu walikuwa wamemzunguka pande zote.

"Vagheni?"

Penseli ilishuka. Niliwaza kwamba sasa Julie ataangusha beseni aondoke, na kwamba kosa litakuwa letu sote, sisi tuliojibu na sisi tuliotaka kunyamazisha.

Julie alitua beseni chini. Aligeuka, akawatazama watu waliosimama nyuma kabisa, karibu na lango, kisha akamtazama mwalimu.

"Madame, soma tena jina la Vagheni," alisema. "Bale ba kule nyuma habakusikia muzuri."

Madame Jokébed akapanda juu ya dawati, akageukia lango, akasoma.