Kona Hupulizwa Kwanza

Katika mtaa wetu hakuna aliyemjua Mama Shuka kama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumpokea. Sawa, si wa kwanza. Watu wote walikuwa wameshampokea, wameshampenda na wameshaanza kumuazima sabuni, mimi bado nimemnunia. Lakini nilimnunia kwa karibu, dirisha kwa dirisha, kwa hiyo nasema tena: hakuna aliyemjua kama mimi.

Na nilikuwa na sababu. Mwanamke katoka nchi ya watu, kaja na begi moja na pasi ya mkaa, kapanga chumba cha uani kwa shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Akapata kazi ya kufua mashuka ya nyumba ya wageni, na siku ile ile akayaanika mbele ya dirisha langu. Dirisha langu! Pale ndipo nilipokuwa nikipata habari za mtaa: nani kaingia, nani katoka, nani kaingia tena kwa mlango wa nyuma. Ghafla, weupe mtupu.

Nikaenda kumpasha. Kabla sijafungua mdomo akanitia ncha mbili za shuka mikononi.

"Shika, mwanangu."

Mwanangu! Mimi niliyemzidi umri na kiuno! Lakini alimwita kila mtu hivyo, hadi polisi. Nadhani ndilo neno la kwanza alilojifunza alipofika, akaona linatosha. Basi nikashika. Kwao hukunja kwa namna yao: unaingiza vidole gumba ndani ya kona, kama unamvalisha mtoto kofia, kisha unaipuliza ile kona, fuuu, ndipo unatembea kukutana na mwenzako. Nikamuuliza anapuliza nini.

"Kwetu tunafukuza sisimizi."

"Hapa sisimizi wako wapi?"

"Si unaona? Wameondoka."

Nilipomaliza kucheka nikakuta matusi yote niliyokuja nayo yamenitoka kichwani.

Na kwa kukunja hivyo ndivyo alivyokuwa akiwashauri vijana wa mtaa waliomletea shida zao. Hakuwa na ofisi wala cheti ukutani. Kijana akija na uso umemporomoka, anapewa ncha za shuka. Anayesema ndiye anayetembea, anayesikiliza anasimama. Hamtazamani machoni, mnatazama pindo. Mtu akidanganya mikono inalegea, shuka linabonyea katikati, na Mama Shuka anasema polepole, "Linagusa chini, mwanangu. Tuanze tena." Kuna mmoja aliyekuwa akificha kwamba amefeli mtihani, shuka lake lilianzwa upya mpaka ikabidi lirudi kwenye beseni. Kuna binti aliyetaka kutoroka na mwanamume wa pikipiki. Kabla shuka halijakunjika nusu akakumbuka mwenyewe kwamba hata pikipiki yenyewe ni ya kuazima.

Sisi majirani tuliujua ukubwa wa shida kwa ukubwa wa kitambaa. Umegombana na rafiki, unapewa foronya. Mapenzi, shuka la kitanda kidogo. Mambo ya baba na mama, shuka la kitanda kikubwa. Ukiona ametoa pazia, ujue huko kwa mtu kumewaka.

Sindano alipewa pazia. Huyu ni binti mwembamba aliyefika akiwa hasemi na mtu, hata salamu aliitikia kwa nyusi. Pazia lile walilikunja na kulikunjua siku nyingi, na maneno yalipoanza kutoka hayajakoma hadi leo. Akabaki pale pale, akajifunza kufua, akajifunza na ile kazi nyingine. Mama Shuka alipotutoka, vijana waliendelea kuja, na Sindano akawa ndiye anayeshika ncha ya pili.

Sasa shemeji. Shemeji yangu anauza rangi za nyumba, na ni mtu mzuri akiwa amelala. Meno mawili ya mbele yalimtoka akifungua kopo kwa mdomo, na tangu siku hiyo hawezi hata kumpigia mbwa wake mluzi. Humwita kwa heshima, kama mkwe. Mkewe aliwahi kufungasha akarudi kwao, na shemeji, mtu asiyejua kuomba hata maji, akamfuata akaomba msamaha mzuri mpaka mama mkwe akalia. Mtaa mzima tulijiuliza nani kamtia akili. Mimi singeweza kujua. Dirisha langu, mnakumbuka, lilikuwa limezibwa.

Mwaka ulipotimia tangu kifo cha Mama Shuka, tukakusanyika mle chumbani mwake kumkumbuka. Wengine walikaa juu ya mabeseni yaliyofunikwa. Tulicheka mpaka tukaaibika, kisha tukacheka aibu yetu. Katikati ya kicheko akaingia shemeji na mbwa wake na kufuli jipya mkononi. Mbwa akajilaza chini ya meza ya kupigia pasi.

"Mkimaliza, tokeni na mashuka yenu," akasema. "Kesho rangi zangu zinaingia humu."

Sindano akasimama. "Mzee, kodi si nalipa? Na hawa vijana watakwenda wapi?"

"Waende kwa wazazi wao."

"Wangekuwa wanaweza kwenda kwa wazazi wao, wangekuja kwangu kukunja foronya?"

"Usinichezee, binti. Yule mama alikuwa mfuaji, basi. Mashauri gani? Mimi ndiye mwenye nyumba, na sijawahi kumwona akimsaidia mtu. Sijawahi hata kugusa shuka lake."

"Hata moja, shemeji?" nikauliza.

"Hata moja!"

Sindano akatazama lile kufuli, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akakosa la kusema. Niliogopa. Nilimwona akirudi kule kwenye nyusi.

Ndipo mvua ikatuangukia bila hodi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuwa nje! Tukatoka mbio, kila mtu akavuta alichofikia, tukarudi na mafurushi. Mimi nikajikuta nimeshika ncha mbili za shuka la kitanda kikubwa, na ncha nyingine mbili ziko kwa shemeji, amelitia kufuli mfukoni.

"Haya, likunjwe lisiburuze," nikamwambia.

Vidole gumba vyake vikaingia ndani ya kona. Vyenyewe, bila kuombwa. Uso wangu nikaufanya wa kanisani.

"Kwa hiyo humu shemeji hukuwahi kuingia."

"Kamwe," akasema, macho kwenye pindo. Shuka likabonyea katikati. Akalivuta, akainua kona mdomoni.

Fuuu.

Chumba kizima kikamgeukia. Shemeji akabaki na kona mdomoni, mashavu bado yamejaa.

"Linagusa chini, mwanangu," Sindano akasema polepole. "Tuanze tena?"

Mtu akaangua kicheko, sisemi nani. Shemeji akapapasa mfukoni, akatoa lile kufuli, akaliweka kwenye kiganja cha Sindano pamoja na funguo zake, bila kumtazama mtu.

"Mnacheka nini?" akasema. "Nilikuwa napiga mluzi."

Chini ya meza, mbwa wake hakuinua hata sikio.