Mgonjwa wa Sukari Hapewi Sukari

Nyumba ya Bi Mwanaasha, kule Gongo la Mboto, ilikuwa na sheria moja iliyozipita sheria nyingine zote: sukari haikai mezani. Tangu bibi huyo aambiwe ana ugonjwa wa sukari, binti yake Lulu aliifungia kabatini, akautundika ufunguo shingoni kwa uzi kama hirizi. Anayeitaka akaombe. Mwajabu, mke wa Faraji, kaka yake Lulu, aliomba mpaka akachoka, akazoea kunywa chai isiyo na kitu.

Alasiri moja ya mwezi wa Ramadhani, Mwajabu alikuwa uani akikuna nazi ya kuungia magimbi ya futari, mara akamsikia mkwewe chumbani akimtukana paka. Kumkemea paka si ajabu. Lakini Bi Mwanaasha alikuwa mtu wa staha, na matusi yale yalikuwa hayajawahi kupita kinywani mwake. Tena paka mwenyewe alikuwa huku uani, amelala.

Mwajabu aliiacha nazi kwenye mbuzi akaingia ndani. Alimkuta mkwewe amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono ikimtetemeka, macho yakimtazama yasimwone. Khanga ilikuwa imelowa kama iliyotoka kufuliwa. Alimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi, na jasho likitiririka.

Lulu alikuja nyuma yake, akatazama mara moja, akahukumu. Alisema sukari imepanda, na kwamba kosa ni zile kaimati za shira za jana usiku. Kupima hakukuwezekana, maana vijiti vya kipimo viliisha juzi na Faraji ndiye aliyeagizwa kuja navyo jioni. Basi akaenda kwenye friji, akarudi na chupa ya insulini na sindano.

Mwajabu aliwahi kumsindikiza mkwewe kliniki, na muuguzi mmoja akawapa waliokaa kwenye benchi maneno ambayo hakuyasahau. Alisema sukari inayopanda huja kwa miguu: kiu, mkojo wa kila mara, uchovu wa siku nyingi. Inayoshuka huja kwa bodaboda: jasho la baridi, kutetemeka, maneno ya ovyo. Ini lina akiba yake, misuli ina akiba yake, bali ubongo hauna ghala. Ukikosa sukari, huzimika kama nyumba iliyoishiwa umeme wa luku.

Lakini hayo ni ya kusikia kwenye benchi. Lulu ndiye aliyemuuguza mama yake miaka yote. Na mkwe akifa huku ana sukari kinywani, sukari ya mkono wa mkamwana, hakuna arobaini itakayomaliza maneno.

"Wifi, usimchome," alisema Mwajabu. "Hiyo imeshuka. Nipe ufunguo wa kabati."

Lulu alimtazama kama vile chumba kimepata mwendawazimu wa pili.

"Mama anaumwa sukari, Mwajabu. Mgonjwa wa sukari unampa sukari? Na mwenye presha utampa presha?"

Lugha yenyewe ilikuwa upande wa Lulu. Ugonjwa umeitwa sukari. Nani atakubali kwamba dawa nayo ni sukari? Lulu alikwisha kuvuta dawa, sasa anaigonga sindano kwa ukucha kutoa hewa. Mwajabu akasimama kati yake na kitanda. Ya Rabi, aliomba moyoni, kama nakosea, nizuie sasa hivi. Hakuona cha kumzuia. Akachukua tende kwenye sahani ya futari iliyokuwa mezani kando ya kitanda, akaipasua, akaisogeza kinywani mwa mkwewe.

Bi Mwanaasha alikaza meno, akausukuma mkono.

"Nimefunga," alisema kwa ulimi mzito. "Msinifunguze."

Daktari alishamkataza kufunga, na imamu naye alishamwambia kuwa mgonjwa ana ruhusa. Kila asubuhi Lulu alimchoma sindano yake, akamwachia bakuli la uji wa maziwa, na kila asubuhi bakuli lilirudi tupu.

"Na uji je?" Lulu aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe.

"Kumbe unaliwa na paka," Mwajabu alisema. "Humwoni alivyonenepa? Wifi, sindano ya asubuhi imeingia, chakula hakikuingia. Ukimchoma na hii, itakula nini?"

Mkono wa Lulu ulishuka. Aliiweka sindano juu ya meza, akauvuta ufunguo mpaka uzi ukakatika.

Mwajabu alikoroga sukari kwa maji kidogo tu, ikawa nzito kama asali. Lulu alimshika mama yake mabega na kunong'ona kwamba waseme imeadhiniwa, atafungua kinywa. Mwajabu alichovya kidole, akakipitisha ndani ya shavu la mkwewe, akasugua ufizi. Akachovya tena. Meno yalibaki yamekazwa, pumzi fupi fupi. Akachovya tena. Lulu alikuwa ameanza kulia bila sauti.

Kisha ulimi ukalamba. Koo likameza. Mwajabu akaleta kijiko, kimoja, kingine, taratibu asimpalie. Mtetemeko ukapungua, na yale macho yakaanza kumwona aliyekuwa mbele yake.

"Imeadhiniwa?" Bi Mwanaasha aliuliza.

Lulu akafungua kinywa kujibu, Mwajabu akamwahi.

"Bado, mama. Nimekufunguza mie."

Bibi alimkazia macho.

"Basi ongeza," alisema. "Swaumu imeshakwenda. Roho isije ikaifuata."

Lulu alitoka mbio kutafuta bajaji ya kuwapeleka hospitali, maana dawa ya asubuhi ilikuwa ingali mwilini ikifanya kazi. Walipobaki wawili, Bi Mwanaasha aliuliza kwa sauti ndogo alijuaje.

"Sikuwa na uhakika, mama," Mwajabu alisema.

Bibi alitupia jicho mlangoni.

"Lulu usimwambie," alisema, akafungua kinywa apewe kijiko kingine.