Kando Kidogo ya Nyota

Sirad alimtambua Kanana kwa kicheko. Abiria walikuwa wakishuka kwenye basi mmoja mmoja, kila mtu na nguo zake na mizigo yake, na juu ya mabega yao, pale ambapo uso hukaa, Sirad aliona doa la kijivu tu. Kisha doa moja likacheka, kile kicheko cha kuanzia puani kilichokuwa kikiamsha bweni zima la wasichana kule Tarbaj, na moyo wake ukaruka.

"Abaayo," alisema Kanana. Yeye ni Mmeru, lakini neno hilo la Kisomali la kumwita dada alikwenda nalo alipohama na hakuwahi kulirudisha. "Umezeeka wewe."

"Na wewe umenenepa," Sirad akajibu. Alikuwa amemkumbatia, kwa hiyo hilo angalau alikuwa na ushahidi nalo.

Idman, binti yake, alibeba begi la mgeni hadi kwenye gari. Ni muuguzi, na ndiye peke yake aliyejua. Alimsogelea mama yake akamnong'oneza, "Hooyo, mwambie leo."

"Nitamwambia tukishaiona hiyo nyota."

"Na usipoiona?"

Sirad akaingia ndani ya gari na kufunga mlango. Swali hilo alikuwa amelala nalo wiki nzima, hakuhitaji kuulizwa tena na mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Daktari wa Nairobi alikuwa amemweleza bila kumzungusha: katikati ya macho yote mawili pamechakaa na hapatarudi, kingo ndizo zilizobaki. Kusoma hakuwezi tena. Sura za watu zimepotea. Hayo aliyapokea, akasema alhamdulillahi, akarudi Garissa. Halafu Oktoba hiyo ya 2024 redio ikatangaza kwamba nyota yenye mkia imetokea magharibi, na wanaopenda mambo hayo wanaiita kometi ya kuonekana kwa macho matupu. Jioni tatu alipanda juu ya paa la nyumba akaitafuta, akatoka kapa. Huenda ni taa za mji zilizoimeza, huenda ni macho yake. Kutojua ni lipi kati ya hayo mawili kulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe. Ndipo akampigia simu Kanana, mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akamwambia, "Njoo tuitazame pamoja kama zamani." Habari ya macho hakuigusa.

Hiyo zamani ilikuwa mwaka wa tisini na saba, Kanana akifundisha fizikia na Sirad jiografia, wote wawili vijana, wote wawili wajuaji. Shule haikuwa na stima, na giza la Tarbaj lilikuwa giza hasa. Ile kometi kubwa ya mwaka huo ilikaa angani wiki baada ya wiki, nao wakaitazama kila jioni kwa darubini ya shule, ile ya macho mawili, yenye kioo kimoja kilichopasuka. Waligombana siku ya kwanza tu. Kanana alitangaza urefu wa mkia, na Sirad, alipotazama, akauona urefu uleule, kisha akakasirika kwa sababu hakujua kama ameuona au ameuamini. Wakatunga sheria. Hakuna kusema neno. Kila mmoja atazame, ampe mwenzake mgongo, achore mchangani alichokiona, apime mkia kwa ngumi ya mkono ulionyooshwa, halafu ndipo waangaziane kwa tochi iliyofungwa kitambaa chekundu, kwa kuwa mwanga mweupe huyalevya macho. Na mkia unapofifia, Kanana alisisitiza, usiukodolee. Tazama kando kidogo, utajitokeza wenyewe. Sirad alicheka, maana mama yake alimtafuta ngamia gizani namna hiyohiyo.

Miaka ile ilikuwa mitamu, na hapana haja ya kuficha. Chai ya maziwa ya ngamia, wasichana waliojifunika shuka wakidai zamu ya darubini, Kanana akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini ili asimuudhi mtu, na hakuna aliyeudhika. Baadaye wote wawili walihamishiwa Garissa. Kisha ukaja mwaka ule walimu wengi wa bara walipoondoka kwa hofu ya mashambulizi, na Kanana naye akapanda basi. Sirad alisimama stendi akamtazama dirishani mpaka vumbi likamfunika. Huo ndio uso wa mwisho aliokuwa nao.

Sasa Idman aliwapeleka nje ya mji, kwenye boma la mbuzi la mjomba wake, ambako taa za Garissa zilibaki mng'ao mdogo nyuma yao. Sirad na bintiye wakatandika mkeka wakasali magharibi. Kanana aliketi kando na chupa ya chai, darubini na tochi alivyokuja navyo, kimya, kama alivyozoea kuketi nyakati hizo. Walipotoa salamu, giza lilikuwa limeshika.

"Sheria ni ileile?" Kanana aliuliza.

"Ileile. Funga mdomo."

Sirad akaielekea magharibi. Pale ambapo Zuhura ilipaswa kuwaka aliona doa la kijivu. Akapandisha macho, doa likapanda naye. Akayapeleka kulia, doa likatangulia kama mtu aliyekodiwa kumzuia njia. Nyuma yake alimsikia Kanana akivuta pumzi ghafla, pumzi ya mtu aliyeona. Hapo hasira ikampanda. Amemtoa mwenzake Meru, siku nzima barabarani, ili yeye mwenyewe asimame hapa na kudanganya kwamba ameona. Na angedanganya vipi, wakati ni lazima achore?

Mbuzi mmoja akalia upande wa kushoto. Sirad, kwa uchovu tu, akageuza macho kumtafuta.

Na kometi ikajitokeza.

Ilikuwa kulia kwake, pembeni kabisa mwa jicho, kichwa cha ukungu mweupe na mkia uliosimama mrefu juu yake. Akairudia, ikapotea. Akawatazama mbuzi tena, ikarudi. Ya Rabi, alisema moyoni. Jioni zote tatu kule juu ya paa alikuwa akiikodolea, kosa lilelile alilowakemea wasichana. Akalishika lile doa akaliweka kwenye anga tupu, mahali lisipoharibu kitu, akanyoosha ngumi yake na kupima. Alikuwa akilia, na hakujali. Kisha akapiga magoti, akampa mwenzake mgongo, akachora kwa kidole.

Kanana alipowasha tochi yenye kitambaa chekundu, aliinama juu ya mchoro wa Sirad kwa muda mrefu.

"Mimi nimechora ngumi moja. Wewe moja na nusu. Na hii nyota ndogo kando ya mkia umeitoa wapi?"

"Iko. Tazama na darubini."

Kanana akatazama. "Iko," alisema taratibu. "Macho yako yamekuwa makali kuliko zamani, abaayo."

Idman akakohoa, kikohozi kisicho cha mafua. Sirad angeweza kunyamaza, akaondoka na sifa hiyo hadi siku mgeni atakapopanda basi. Lakini alitaka kitu kikubwa kuliko sifa.

"Kanana, mimi sikuoni," alisema. "Toka ushuke basi sijaona uso yako. Nikikuangalia, wewe unaondoka. Macho yangu imekufa hapa katikati. Kando ndiyo imebaki, hiyo ndiyo imeona kometi."

Kanana hakusema pole. Mchanga ulilia chini ya viatu vyake alipokuwa akifikiri, kama alivyokuwa akizunguka darasani.

"Basi itazame kometi," alisema mwishowe. "Ikodolee kabisa."

Sirad akaikodolea, na kometi ikafutika.

"Nisimame wapi?"

"Njoo kushoto yangu. Enda mbele kidogo. Rudi... Hapo. Simama hapo."

Kanana akainua ile tochi nyekundu hadi kidevuni mwake. Kando ya jicho la Sirad, polepole, ukajitokeza uso: paji lile pana, mwanya ule wa meno, nywele nyeupe zilizochomoza chini ya kitambaa cha kichwani, mashavu yaliyolowa.

"Umezeeka kweli, abaayo," alisema Sirad, akaendelea kutazama mbele ili asimpoteze.