Ukuta Uliokaushiwa

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Kulikucha kwa manyunyu, hewa nzito kama blanketi bichi.

Dobi aliamshwa na kifua cha bintiye kikikoroma. Pumu tena. Akampa dawa ya kuvuta, akamwombea, kisha akafuata uvundo mpaka nyuma ya kabati. Rangi aliyoipaka kaka yake Februari ilikuwa imefanya malengelenge. Akatumbua moja kwa ukucha. Maji yakamtiririkia kiganjani, na chini yake ukungu mweusi tii. Tundu la hewa nalo lilikuwa limezibwa kwa sementi.

Akakaa kitako. Kaka yake, fundi rangi ambaye mtaa mzima ulimwita Brashi, ndiye aliyemwambia kwamba unyevu unatoka kwake mwenyewe: asianike nguo ndani, afunike sufuria, afungue madirisha kila asubuhi. Alitii yote. Siku za mvua alikataa hata kazi. Na kwa miezi miwili, kila mtoto alipokohoa, alipiga magoti kuomba toba.

Brashi akaitwa. Mama yao alikuwepo, na jirani aliyeleta mashuka ya kufuliwa.

"Kaka, ukuta huu uliukausha?"

"Si nilikwambia nimekausha? Ila wewe na nguo zako, dada..."

"Nguo sijaanika humu tangu Februari. Na tundu, lilijiziba?"

Brashi akakuna kichwa. "Mende walikuwa wanapita. Nikakufanyia hisani."

"Na ukungu ukaupaka poda kama bi harusi."

"Kuukausha ni wiki tatu, dada. Wateja walikuwa wananingoja. Nikasema huyu ni ndugu, atavumilia."

"Basi hukuukausha," dobi alisema polepole. "Uliukaushia, ukajifanya huuoni. Na mimi ukanikaushia, nikawa natubu dhambi isiyo yangu."

Jirani alitaka kucheka, akakimeza kicheko.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mama alisema. "Usimwombe radhi pembeni, mwanangu. Sema hapa, tusikie."

Brashi akamtazama dada yake. Dada alikuwa akimtazama mtoto.

"Mbele ya mama na jirani," akasema, "leo nazibua tundu na kubandua plasta yote. Sipaki rangi mpaka dada aweke kiganja ukutani aseme mwenyewe pamekauka. Na mtoto akikohoa kabla ya hapo, yeyote akiuliza, nitasema ni mimi."